Nilicheka ku dirisha ya mama mukwe

Nikacheka, Tantine Léonie wa gazeti, njo kosa yangu yote, nalomba musaada juu nilicheka sauti ya juu chini ya dirisha ya mama mukwe, naye ndani alicheka pia, na kuku ya kufungula haya kati yetu sijapeleka bado, na unajua kwetu, mbele ile kuku haijafika, mukwe haangaliane na mama ya bibi, hasemi naye, na kucheka naye ata usiseme.

Mi ni Clément wa Mitwaba, napigaka pasi mu blanchisserie, masomo nilifika paka deuxième, mwaka ya pili, kusema mbele ya bantu siwezi, naangaliaka tu na kusikiliza, njo maana napendaka théâtre ya poste, ile ya ku radio. Kwetu poste hakuna. Kwabo na Delphine, ule nitaoa, iko, mama yake anauzaka samaki ya kukauka ya Pweto. Basi kila jeudi, siku ya ine, nachuchumaa mu maharagi yabo, chini ya dirisha, ata Delphine hajui.

Théâtre za juma nzima niliisha kusikia zote. Ya lundi ni kulia, musique, kulia, ukikosa majuma tatu unakuta ule mama iko paka analia, ku kazi naambiaka bantu: muiache. Ya samedi, ya polisi, mwizi unamujua mbele polisi hajavaa kofia. Lakini ya jeudi, Tantine! Bwana iko na nyumba mbili, moja Likasi, moja hapa, na kila bibi anazania iko peke yake. Mule hakuna muntu mubaya kabisa, ata ule bwana unamusikilia huruma, na banasema vile siye tunasemaka mu cité. Wakati ya vita ya décembre poste ilipiga paka musique ya basoda, nilizania ule bwana balimuua. Siku alirudi, kidogo nilie.

Ile jeudi bwana iko ku meza, Germaine, bibi wa hapa, anamupa supu, naye anajibu: «Aksanti, Wivine.» Wivine njo wa Likasi! Germaine anatua sufuria. Kisha anauliza: «Supu njo inaitwa Wivine?» Ndani mama mukwe akacheka, akamaliza, pale njo mi nikaanza, peke yangu. Dirisha ikafunguka. Macho kwa macho. Nikakimbia, sandale zikabakia mu maharagi.

Majuma tatu sikupita ile avenue, théâtre nasikilia ku soko, ku haut-parleur inalia kwa bantu yote. Baba mudogo Stanislas akasema: «Ndoa imekufa. Mama mukwe ulimuona mpaka meno! Ulikuwa unatafuta nini ingine?»

Jana niko ku pasi, Ma Martine akaingia, mama mukubwa ya Delphine, na sandale zangu mu mukono, zimeoshwa. Huyu mama anasikia mubaya, anasemaka na kelele: «WEYE WA MAHARAGI!» Blanchisserie yote ikageuka. «Mudogo yangu alikuwa Pweto, balimuzuia ku barrière ya basoda, jeudi mbili zikamupita. Anauliza: Germaine alijua, ao hajajua?»

Tantine, roho ikarudi pa nafasi yake, nikakaa juu ya mashati ya bantu. Lakini nijibu namna gani? Nikijibu, njo nasema na mama mukwe. Nikinyamaza, atasema niko na kiburi, Delphine ataniponyoka. Kama Germaine alijua, mi najua, lakini siandike hapa, juu bengine banasoma gazeti na habajasikia bado. Naacha sasa, nakwenda mbio, ni jeudi, ku haut-parleur ukichelewa unakaa nyuma, unasikia paka pikipiki.

*

Clément, karatasi mbili uliandika, moja na nusu ni ya théâtre! Nilitafuta Delphine mule ndani, nikamupata mistari mbili. Umuandikie naye kitu, mukosefu weye.

Pumua. Mama mwenye kasirani haoshe sandale za muntu, anazitupa. Huyu alitoka ku barrière ya basoda, bengine bangeuliza habari ya inchi, yeye akauliza Germaine. Mama mukwe wa namna yako, unataka nini tena? Lakini mwanaume wa kuoa anajificha mu maharagi? Uliponda mashina ngapi?

Na ya lundi, funga kinywa. Haujaoa. Kisha myaka kumi utaisikiliza, utajua juu ya nini ule mama analia. Ya samedi tunapatana, haifai.

Siku unasoma hii, vaa zile sandale, enda kwabo, upite ku mulango. Kaa inje, mugongo ku ukuta, macho ku njia. Lomba Ma Martine akae mbele yako, muelezee yeye zile jeudi mbili. Anasikia mubaya? Muzuri sana, utapandisha sauti. Weye unasema na Ma Martine, ukuta ukisikia si mambo yako. Haya itakubamba, sema vile vile. Pale pa mambo ya kitanda, kohoa tu, bamama bataelewa. Mbele mwezi hauishe, peleka kuku, njia ifunguke, ukae ndani ku kiti, ucheke wakati bengine banacheka. Stanislas akikatala, muambie aje anione mi.

Ukiisha, uniandikie haraka, mu enveloppe ya kufunga, basomaji basione. Poste yangu iliungua ile ile jeudi ya supu. Germaine alijua?