Nyuma ya Fremu Thelathini na Moja

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Na wewe, kifua kimepona?

Mwaliko umefika. Hongera kwa kukabidhiwa maonyesho ya Jumba la Sanaa la Jiji. Kwenye ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza. Lakini sitakuja. Picha thelathini na moja mtakazotundika, fremu zote ni za mkono huu. Nimehesabu majina kwenye karatasi yenu: wachoraji, mfadhili, mkurugenzi, hadi aliyeleta maua. Seremala hayumo. Umesahau ni randa ndiyo iliyokusomesha?

Baba yako

28 Machi

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinichoma. Nilishuka kwenye ghala la Jumba, nikazigeuza fremu zako moja moja kuzipangusa vumbi. Kumbe huwa unaandika nyuma?

“62 kwa 48. Mbao kavu, hazikuniletea jeuri.”

“80 kwa 55. Mtoto ameota jino, amening’ata kidole cha kupimia.”

“40 kwa 40. Jana tumemzika mama yake. Kona zimekaa sawa, sijui vipi.”

Nilisoma zote thelathini na moja nikiwa nimekaa sakafuni. Mbona hukuwahi kuniambia?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo.

Seremala huandika vipimo asije akasahau. Hayo mengine yaliiponyoka penseli. Nilijua yanaelekea ukutani, na ukuta hausomi. Usije ukanibandika jina kwa huruma. Nimesema sitakuja.

Baba

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hukujibu, nikadhani umenuna.

Jumamosi nilikuja. Nilipanga foleni kama watu wengine. Nikatafuta picha ukutani, hakuna hata moja. Umezining’iniza zote katikati ya ukumbi, mtu azizunguke. Nikasimama kwenye ile ya 40 kwa 40, nikahesabu: mbele watu watano, nyuma kumi na wanne. Mama mmoja alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Nikanyoosha mkono kupima kona. Mlinzi akasema, “Mzee, hairuhusiwi kugusa.” Nikamwambia, “Hiyo niliigusa kabla hujazaliwa.” Akatazama kibao chenye jina la seremala, akanitazama mimi, akanipa kiti chake.

Kazi yako imenyooka, mwanangu. Isipokuwa ya kumi na saba, imeinama nusu sentimita kulia. Jumamosi nakuja na pimamaji. Mwambie mlinzi.

Baba yako, seremala