Muriel Tuddenham na Geti la Askerby

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipolizungusha jeneza lako kwa barabara ya malori, ilhali kanisa lenyewe linaonekana kutoka dirisha la jikoni kwako.

Wewe ndiye uliyewasimulia wageni kwa nini kanisa la Askerby liko peke yake ndani ya viwanja vya jumba kubwa. "Kijiji kilikuwa hapa hapa," ulisema, "ila bwana wa zamani hakutaka kuona moshi wa majiko yetu. Akatubomolea, akatusukumia bondeni. Kanisa lilimshinda, maana babu zake wamezikwa ndani." Tangu hapo tuliruhusiwa kupita getini na kukatiza viwanja Jumapili kwa miguu, lakini majeneza yalizungushwa, wakubwa wasiyaone.

Ulipiga deki sakafu ile ya mawe ukiimba, ukamfokea kasisi akichelewa. Biskuti za tangawizi hazikukosekana mfukoni mwako. Tumezitamani sana mwaka huu.

Bwana Rawcliffe aliponunua jumba, ulimpelekea keki na utani wako. "Mimi mtanipitisha hapa getini," ulimwambia. "Njia ikishapitishwa maiti, haizibwi tena milele!" Mzaliwa wa hapa angecheka, kwani kila mtu anajua ni imani ya wazee tu, si sheria. Yeye, mtu wa mjini, aliamini. Ulipofariki tukakuleta kama ulivyotaka, tulikuta geti limetiwa kufuli. "Poleni sana," alisema, "lakini maiti haipiti." Baba alilivuta kufuli kwa hasira, tukamshika mkono, tukageuka. Roho inatuuma mpaka leo.

Kufuli halijatolewa. Wazee hawawezi kuzunguka kote huko, ibada zimebaki viti vitupu. Askofu amesema hali ikiendelea hivi hadi Krismasi, kanisa litafungwa. Kaburi lako litabaki ndani ya ua wa mtu.

Sasa Baba ana lake. "Kwa mama yenu mlikubali. Mimi nikifa msinizungushe! Vunjeni kufuli, nipitisheni hapo hapo, tuone kama atathubutu kuziba tena." Tukimwambia, "Baba, acha hizo, kunywa dawa," anavisukuma vidonge pembeni, anatazama dirishani.

Tunaogopa, Mama. Maisha yenu yote ulikuwa ukimwita mara moja tu, anaacha kila kitu anakuja. Safari hii usimwite. Kanisa tunalipenda, ila si kwa bei hiyo.

Unakumbukwa na mumeo Cyril, wanao Hilary na Denzil, mkweo Bronwen na mjukuu wako Tamsin. Hatutakusahau kamwe, Mama. Baba tuachie kwanza.