Vyumba Vinne Penye Migomba Yangu

Jumanne. Mvua imekatika, moyo wangu bado haujatulia.

Basi fundi ndiyo huyo, kashafika na kamba zake, anapima. Migomba yote ya upande wa barabara inakatwa leo, vijengwe vyumba vinne vya kupangisha. Andika, Jeni mjukuu wangu, andika ninavyosema, usininyooshee maneno.

Ni mwanangu Deo aliyeleta habari hii. Anasema hapa Murongo, mpakani, watu wanatafuta vyumba, wengine wanakaa gesti mwezi mzima. Ni kweli. Lakini mpaka nao una siku zake. Ukipoa, wafanyabiashara wanahama.

Naogopa.

Tena ninayemwogopa ni mimi mwenyewe.

Kile chumba cha uani nilimpangisha Anisia, yule muuza vitenge. Miezi miwili kalipa vizuri. Halafu akajifungua mle mle chumbani, mvua inapiga bati, na aliyempokea mtoto ni mimi. Sasa mtu umempokelea mtoto, umemkanda maji ya moto, umempikia ndizi na uji, utamdai kodi kwa mdomo gani? Mtoto sasa anatambaa, sijasema neno. Na ana macho huyo! Akiniona anacheka, vimeno viwili vya chini, kama Deo alivyokuwa, Deo alikuwa analia huyo, majirani wote…

Nilikuwa wapi? Ndiyo, kodi.

Deo ananicheka: "Mama, wewe hupangishi, unafuga watu!"

Nikamwambia, "Hata wewe nilikufuga."

Lakini kanigusa. Vyumba vinne si ndiyo akina Anisia wanne? Na ile migomba ndiyo sufuria yangu. Kahawa tunavuna mara moja kwa mwaka. Mgomba haujawahi kuniambia, "Bibi, subiri mwisho wa mwezi."

Deo anasema, "Mama, chumba hakipaliliwi." Hapo ananishinda. Mgongo huu jembe unalikataa. Nikamjibu chumba kitupu nacho hakipikwi. Tangu jana tunavutana hivyo.

"Bibi eee! Njoo uonyeshe tunaanzia wapi, panga liko tayari!"

Waitu, jamani, fundi huyo ananiita. Nakuja!

Jeni, andika viwili. Vyumba viwili, nusu ya migomba ibaki. Kodi akusanye Deo, mimi nisiulizwe. Ila mlangoni kwa Anisia asibishe hodi.

Nakuja, baba, weka panga chini kwanza!