Hodi za Ugenini

Dada yangu,

Mimi mzima, ila miguu imenigomea. Wiki ya kwanza ya umisionari imekwisha, na soli ya kiatu cha kushoto nayo imekwisha. Chumba ni kidogo, unazima taa bila kushuka kitandani. Mwenzangu tunayehubiri naye, Bwana Ratiba, hata kukoroma anakoroma kwa ratiba. Silalamiki. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kinauma.

Kazi yenyewe ni kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengi hujibu, "Leo hapana, kijana." Jana mama mmoja, fundi cherehani, alitukaribisha huku akipiga pasi. Nikamuuliza, kama tulivyofundishwa, tumwombee nani.

Akasema, "Mwanangu. Aliondoka alfajiri bila kuniaga, nikabaki na chai yake mezani."

Nikafumba macho, nikaanza sala, nikaishia njiani. Bwana Ratiba ndiye aliyemalizia sala. Yule mama akaweka pasi chini. "Mama yako anajua uko wapi, baba?"

Dada, alfajiri ile nilipotoroka nyumbani niliona mwanga chini ya mlango wa Mama. Alikuwa macho. Niliogopa akisema nisiende, nitabaki. Sasa kutwa nzima nabisha kwa watu nisiowajua, na mlango wa mama yangu ulinishinda.

Msomee barua hii, ila usimpe salamu zangu. Mwambie nipo mlangoni kwake, naomba ruhusa ya kuondoka.

Mdogo wako mtoro