Uji wa Chumvi na Matusi ya Mzee Dougal

Jumatatu, 12 Julai 2021
Sydney imefungwa kwa corona, treni ya asubuhi tupu. Guildford hadi Parramatta, nabadilisha, hadi Penrith. Kibali cha kazi mfukoni, barakoa mbili usoni. Julai huku ni baridi, nimeshukuru kwa hita ya treni.

Mzee Dougal, ninayemhudumia nyumbani kwake, alikuwa macho. Nikampima presha, nikamsaidia kuoga, nikampikia uji wa oti. Anautaka na chumvi, bila sukari hata chembe. Kwao Uskoti ndivyo. Akaonja, akasema fundi angeweza kuutumia kupiga plasta. Nikainamisha macho, nikasema samahani baba. Tabora tulifundishwa hivyo, mkubwa akisema unanyamaza.

Msimamizi wa kampuni alinieleza wazi tangu mwanzo. Mzee amekwisha kuwakataa wahudumu kadhaa. Akinikataa na mimi, binti yake Fiona, aliyeko Perth, magharibi ya Australia, na mipaka ya majimbo imefungwa, atampeleka nyumba ya wazee. Huko sasa hakuna kutembelewa. Nyumba hii ameijenga kwa mikono yake. Naye anautazama kila ukuta kana kwamba anauaga.

Alhamisi, 15 Julai
Leo koti langu. Kasema nimevaa kama mtu anayekwenda kuwinda dubu, na yeye kakaa na fulana. Chai yangu nayo eti ni maji yaliyoogeshewa mbwa. Nikasema samahani baba, nikaosha kikombe.

Kinachoniuma ni huyu mama anayeleta chakula cha mchana. Yeye anapewa "asante sana, ni wema wako", kwa sauti ya kanisani. Mimi ninayemkata kucha za miguu napewa mbwa.

Jumatano, 21 Julai
Kaka yake Ewan amepiga simu ya video kutoka Dundee, kwao Uskoti. Kachelewa, kama kila Jumatano. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza Dougal kama bado hajafa. Dougal akamjibu kwamba sura hiyo ingefukuza hata wezi. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Ndugu wa tumbo moja! Nimeshika sahani, sijui niondoke au nikemee. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Lugha yao siielewi nusu. "Aye" ni ndiyo. Mengine yananipita.

Ijumaa, 23 Julai
Siku mbaya. Msimamizi kapiga simu nikiwa stesheni. Mzee ameomba mtu mwingine. Sababu yake ni kwamba mimi simpendi.

Mimi! Nilikaa benchi la stesheni ya Penrith nikalia ndani ya barakoa. Eti nina sura ya mtu aliyelazimishwa. Eti simwambii neno, ni samahani na ndiyo baba tu. Msimamizi ameniombea wiki moja zaidi. Mungu ambariki, hakulazimika.

Jioni nikamsimulia Mama Furaha, jirani yangu Mkongo wa Bukavu, kila mtu upande wake wa uzio. Ameniletea sombe, kisamvu cha kwao, kaiweka chini, akarudi nyuma kama sheria inavyotaka. Akafikiri kidogo. "Mama, uyu muzee iko anakuchukia ao iko anakupima?"

Niliingia ndani nikala huku nawaza. Sombe ilikuwa tamu.

Jumapili, 25 Julai
Ibada kwenye simu, helikopta ya polisi juu ya paa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa namfikiria Mzee Kibwana.

Mzaramo, jirani yetu Tabora. Sisi Wanyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Alikuwa akimwita baba mzee wa kuoza, naye baba anamwita mla nazi. Baba alipofariki, Kibwana alijilaza kaburini kabla ya jeneza, akasema shimo ni fupi, miguu ya marehemu itatokeza na kukanyaga watu. Hakutoka mpaka apewe chochote. Mama alicheka huku machozi yanamtiririka. Hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Ndiyo kazi ya mtani. Anayekutukana vile ndiye wako.

Na mama wa chakula anapewa maneno ya kanisani. Kumbe.

Jumatatu, 26 Julai
Nimekwenda nimeshaamua. Uji mezani. Kaonja, kasema leo ni gundi.

Nikasema, kwa Kiingereza changu hiki hiki, "Basi kula haraka, labda itakubana mdomo."

Kijiko kikasimama. Niliona kazi imekwenda, kodi imekwenda. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka nikamshika mgongo asipaliwe.

"Aye," akasema akijifuta macho. "Kumbe kuna mtu humo ndani."

Yeye mwenyewe amempigia simu msimamizi. Nabaki. Njiani nimeimba, behewa lilikuwa langu peke yangu. Asante, Mungu. Asante, Kibwana, popote ulipo.

Alhamisi, 5 Agosti
Mvua. Kanifundisha kwamba siku kama hii ni "dreich": mawingu, unyevunyevu na uvivu, vyote pamoja. Nimemfundisha shikamoo. Nikimwamkia anaitikia marahaba kama chifu, kidevu juu.

Ewan ameniona kwenye simu jana. Akaniuliza nimefanya kosa gani nikahukumiwa kumtunza Dougal. Nikamwambia mahakama ilinipa kuchagua kati yake na jela, nami nilichelewa kuchagua, jela ikajaa. Wamecheka wote wawili. Sijawahi kujisikia mwenyeji hapa kabla ya jana.

Jumatano, 18 Agosti
Ewan hakupiga. Mkewe kasema yuko hospitali. Ni corona. Dougal kaacha tableti imewaka mchana kutwa.

Ijumaa, 20 Agosti
Ewan amefariki.

Nilimwambia pole. Nikazungumza polepole, nikatembea kwa vidole, nikafunga mapazia. Sikujua lingine.

Jumanne, 24 Agosti
Hali chakula. Uji unarudi ulivyokwenda. Na nilipomwekea chai akasema, "Asante sana, ni wema wako."

Maneno ya kanisani. Nimerudishwa mlangoni, pamoja na mama wa chakula.

Fiona kapiga simu akilia. Daktari anasema mzee hawezi kuendelea hivi. Mazishi yakipita bila mzee kula, Fiona atamtafutia nafasi nyumba ya wazee. Simlaumu. Yuko ng'ambo ya bara zima na hawezi hata kumgusa baba yake.

Ijumaa, 27 Agosti
Mazishi yalikuwa kwa tableti, kwao asubuhi, kwetu jioni. Niliomba nibaki. Nikamvalisha tai.

Kanisa kubwa, watu wachache, kila mmoja benchi lake. Mchungaji amesimama, jeneza halijafika. Tukangoja. Mchungaji akaitazama saa yake, akaitazama tena. Dougal kakaa wima kama ubao, uso hauna mtu.

Nikawaza, hapa hakuna mtani. Kanisa zima hakuna. Kila mtu kainamisha macho, kama mimi nilivyokuwa nikifanya. Nikikosea, ndiyo basi, nitakuwa nimemtukana marehemu mbele ya ndugu yake. Lakini nikinyamaza mzee atapelekwa nyumba ya wazee vilevile.

"Huyu Ewan," nikasema. "Hata mazishi yake mwenyewe anachelewa."

Akanigeukia taratibu. Sikuinamisha macho, ingawa nilitaka sana.

Sauti iliyomtoka kwanza sikuijua ni kicheko au kilio. Ilikuwa vyote. Akanishika mkono, glavu na yote, akaung'ang'ania mpaka jeneza likaingia. Ndipo akaanza kumtukana Ewan kwa lugha yao, polepole, akimwaga machozi, jina baada ya jina. Nusu sikuelewa. Nilikuwa nikiitikia "aye" kila anapovuta pumzi.

Baadaye akaomba uji. Usiku, uji! Nikapika. Akasema una madonge. Akamaliza bakuli.

Jumamosi, 28 Agosti
Nimelala mpaka mchana. Mama Furaha kaacha maandazi mlangoni. Nimekula matatu nimesimama.

Jumatatu, 6 Septemba
Asubuhi njema, jua kidogo. Presha nzuri. Nimemnyoa ndevu.

Fiona kapiga simu. Mimi nilikuwa jikoni, mzee sebuleni, na kwa kuwa hasikii vizuri huongea kama yuko uwanjani. Alimwambia binti yake aache kutafuta hiyo nafasi ya nyumba ya wazee. Akasema kampuni imemletea mwanamke mkorofi kuliko wote aliowahi kukutana nao hapa Australia, hana adabu hata kwa maiti, na atakayejaribu kumwondoa atamkuta yeye mlangoni.

Nikaendelea kukausha vikombe.