Mbucheri ya Jumaa

Kinoru, Meru
Jumapili, saa nane mchana

Kwako Dada yangu Mwanatatu,

Assalaam alaykum. Mimi ndugu yako Idris sijambo, na presha imetulia tangu nipunguze chumvi, ingawa mke wangu Zuleka anadai imetulia kwa sababu nimepata kitu cha kuchezea. Magoti yako je? Na shemeji Nurudin, bado anabishana na redio? Joto la Siakago lisiwachoshe sana. Huku mvua imenyesha wiki nzima na nguo hazikauki, kwa hiyo kila mtu ana lake la kulalamikia na tunamshukuru Mungu.

Najua umeshangaa kupata barua siku hizi za simu. Dada, kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na leo nataka kufika mwisho. Nimempa Kinoti, yule anayetuletea mbuzi kutoka huko Mbeere, akukabidhi mkononi mwako. Mpe chai, lakini usimpe barua asome, maana atalitangazia soko zima.

Kwanza nikueleze habari ya furaha. Binti yangu Latifah, ambaye unajua anafanya kazi ya ofisi kwenye shamba la maua kule Timau, alikuja mwezi uliopita na boksi kwapani. Mzungu mmoja wa hapo alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake. Wenzake wakagombania viti na masufuria, yeye akachukua hilo boksi, halijafunguliwa hata kidogo. Nilipoona picha iliyokuwa juu nilikaa kwenye gogo la kukatia nyama, na aproni yangu ikiwa bado na damu. Kilikuwa kigari cha Baba! Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, pua fupi, na chumba cha mizigo mgongoni, vilevile kama kile alichonunua kwa mlowezi wa Timau aliyekitumia kusambaza maziwa. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vidogo vya plastiki, themanini na zaidi, vya kuunganishwa kwa gundi mpaka kitokee kigari cha urefu wa kiganja.

Mikono yangu unaijua, imezoea shoka. Siku ya kwanza niligundisha vidole viwili pamoja, na taa ya mbele iliruka ikapotea mpaka Zuleka alipoikuta kwenye mchele. Njagi, yule Mwembu anayetengeneza saa duka la pili kutoka langu, alinionea huruma akanikopesha kibano chake, halafu akajifanya msimamizi. Tulikosana kwa sababu ya magurudumu. Boksini mlikuwa na manne, na Njagi akashikilia kwamba aliyechora picha amekosea, kwamba gari ni magurudumu manne tangu dunia iumbwe, na mawili yakae mbele. Nilimwambia nimepanda kigari hiki kabla yeye hajaijua njia ya kuja Meru. Siku mbili tulisalimiana kwa kukohoa tu. Latifah aliposoma maelezo akatuambia la nne ni la akiba. Njagi akasema hata yeye ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa kimekamilika. Nimekipaka buluu iliyobaki tulipopaka mlango wa choo, na Wallahi ni buluu ileile ya Baba. Kimekaa dirishani, na wateja wa zamani wanasimama kukitazama. Mzee Kailemia alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaniuliza mbona hakina maandishi.

Hapo ndipo nilipokwama, Dada. Boksi lilikuja na vibandiko vya jina la muuza mikate wa Uingereza, nikavitupa. Nilichonga kijiti cha kiberiti, nikakichovya kwenye rangi nyeupe, nikashindwa kuandika. Siku tisa nilishindwa.

Unayajua haya yote, lakini niache niyapange kwa utaratibu wangu. Baba alisoma herufi za Kiarabu tu, za madrasa, na wewe ndiye uliyekuwa kalamu yake. Kila Jumamosi ulikaa naye mkekani, yeye akisema, wewe ukiandika, na mwisho wa kila barua ulitia salamu zako: mwandishi wenu, Mwanatatu. Kigari kilipokuja, wewe ndiye uliyeandika kwenye karatasi maneno ya kuchorwa ubavuni, jina la bucheri ya Baba. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikatumwa niipeleke kwa Marete, mchoraji wa mabango. Kigari kikarudi kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu MBUCHERI YA JUMAA, mji mzima ukacheka. Ulilia ukaapa kwamba uliandika vizuri. Marete alisema amechora kama karatasi ilivyosema, na karatasi yenyewe ameshawashia jiko. Baba akaniuliza nilimpa Marete karatasi gani. Nikajibu, ile aliyonipa Dada.

Niliongopa. Karatasi yako haikufika kwa Marete. Njiani nilikuta mtaro umejaa maji ya mvua, nikaikunja mashua nione itakavyokwenda, ikaingia chini ya daraja, haikutoka. Niliogopa kurudi nyumbani. Nikamwomba Marete kipande cha karatasi, nikaandika mwenyewe kama nilivyosikia watu wa soko wakitamka. Wao walisema mbucheri badala ya bucheri, nami nikaandika mbucheri. Marete ni Mmeru, na yeye hutamka hivyohivyo, akaona hakuna kosa lolote. Alinisifu hata kwa mwandiko wangu.

Wewe ukaitwa Mwalimu Mbucheri ukiwa na miaka kumi na miwili. Kisha ukawa mwalimu kweli, wa Kiswahili, miaka thelathini na mitano, na jina likakungoja kila ukija kwetu. Kwenye arusi ya Latifah nilimsikia shemeji mmoja akikutania mbele ya wageni, nikakuona ukibeba mkoba wako kabla pilau haijapakuliwa. Nilikuwa karibu kiasi cha kukushika mkono. Nikakuacha uende.

Na si jina tu. Baada ya siku ile Baba alinipa mimi kalamu. Miaka tisa nilikaa mkekani pale kila Jumamosi, bega langu likigusa lake, nikijua siri zake na mizaha yake na jina la kila mtu aliyempenda. Mapenzi yote niliyo nayo kwa Baba niliyapata pale, na pale palikuwa mahali pako. Hilo ndilo limenifunga mdomo, zaidi ya aibu. Niliogopa kwamba nikisema, itanibidi nikurudishie, na sikujua ningekurudishia vipi. Nisamehe, Dada.

Nurudin ameniambia hutaki kuja kwenye karamu ya kustaafu kwako tuliyoipanga hapa kwangu, kwa sababu hutaki kusikia neno lile tena. Basi ujue kwamba Ijumaa baada ya swala niliwakalisha wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na yule shemeji pia, nikawaeleza kama nilivyokueleza. Nilianza na wao ili usije ukadhani nakiri kwa kukubembeleza. Walicheka sana. Wajukuu sasa wananiita Babu Mbucheri, na kusema kweli limenikaa vizuri.

Jana niliandika ubavu wa kushoto wa kigari. MBUCHERI YA JUMAA, vilevile, na chini yake kwa herufi ndogo: mwandishi wenu, Idris. Ubavu wa kulia nimeuacha mtupu. Mkono wangu hautaugusa. Kijiti kipo na rangi ipo, na mkeka wa Baba nimeutoa kabatini nikaufuta vumbi. Njoo uandike ulichoandika siku ile.

Zuleka anakusalimu, Latifah anakuamkia, na Njagi anasema anataka kukuona kwa macho yake. Msalimie shemeji na majirani wote. Makosa utakayoyaona humu yapige kalamu nyekundu, kisha uje na barua yenyewe unioneshe.

Ni mimi mdogo wako,
Idris Jumaa