Tochi Uliyoitia Meno

Kaka Opio,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma bila kujibu. Basi barua hii naiweka wazi mtandaoni, mahali ambapo Waganda na Wakenya tuliokuwa nao Dubai huwa wanasoma, ili hata usipoifungua wewe, atokee mtu akusomee.

Nianze na mema, maana yalikuwepo. Nilipofika Sonapur, kwenye kambi ya wafanyakazi, sikuwa na mtu. Wewe ndiye uliyenipisha kitanda cha chini kwa sababu niliogopa kupanda. Ukanifunza ulinzi, ukanifunza kusema "yes, sir" bila kuinamisha kichwa. Ijumaa ulinisubiri nje ya msikiti, wewe Mkristo, umeshika mfuko wa sambusa, kisha tunapanda basi hadi Deira na kuvuka maji kwa abra, ile mashua ya abiria, kwenda Bur Dubai kutazama madirisha ya maduka. Uliniita "mdogo wangu" nami nikaitika, ingawa kwetu Likoni nina kaka wa damu.

Kisha wakakupiga.

Ilikuwa mchana, jua la saa nane limesimama juu ya jengo tulilokuwa tukililinda, ambalo halijakwisha kujengwa. Lakini kule chini, kwenye maegesho ya chini ya ardhi, mchana na usiku ni kitu kimoja. Ulishuka na tochi ya kampuni, ile ya plastiki isiyomulika hata vidole vya miguu yako. Wezi wa nyaya za shaba walikuona kabla hujawaona. Nilikukuta umelala kwenye maji machafu, jino limetoka, mbavu zimevunjika, sikio limepasuliwa kwa nondo. Nilipokubeba, damu yako iliniteremka mpaka kwenye soksi. Msimamizi alikuja, akakutazama, kisha akauliza ni nyaya zipi zilizoibwa. Ulirudi kazini mbavu hazijaunga.

Ndipo ukaanza kutengeneza tochi yako mwenyewe. Nilifurahi. Mtu aliyekuwa akishinda ametazama ukuta sasa alikuwa na kitu cha kufanya. Tulizunguka Bur Dubai duka hadi duka. Muuzaji mmoja Mhindi alikupa betri za lithiamu, zile nene kuliko za rimoti, zimeandikwa nguvu kubwa ajabu. Ukazipima kiganjani, ukamrudishia.

"Nyepesi hizi, bhai. Umenipa maandishi, betri iko wapi?"

Alicheka, akakutolea nyingine kutoka droo ya chini. Ukachagua mbili nzito za aina moja, zenye kile kibao kidogo kitakoni kinachozizuia zisichemke. Chaja ukataka ile inayoitazama kila betri peke yake na kujizima ikijaa, si ile rahisi inayopata moto mpaka plastiki inanuka. Nikakuuliza kwa nini usinunue betri moja tu, uitie pamoja na ile ya zamani uliyokuwa nayo.

"Betri ni kama walinzi wa zamu moja, mdogo wangu," ukaniambia. "Ukimpanga mchovu na mwenye nguvu, yule mwenye nguvu atamsukuma mwenzake mpaka apasuke."

Ulitandaza gazeti kitandani. Ukachomelea waya wa shaba juu ya springi ili umeme upite bila kubanwa, ukabadilisha taa, ukaunga bomba refu ili betri mbili zikae kwa mstari. Tuliziba dirisha kwa blanketi, ukaiwasha, na chumba kizima kikawa cheupe. Yule Mnepali wa kitanda cha pembeni alijifunika macho huku akicheka, sote tukapiga makofi. Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Wiki iliyofuata uliongeza pete ya chuma mbele ya kioo, yenye meno kama taji.

"Meno ya nini, kaka?"

Hukucheka. "Ya kuuma."

Siku ile ya balaa tulishuka pamoja maegeshoni. Tulisikia msumeno kabla ya kumwona mtu. Ukawasha. Alikuwa mmoja, peke yake, amechuchumaa na ovaroli ya kibarua. Mwanga ulimpiga usoni, akaangusha msumeno, akainua mikono yote miwili. "Sorry, sir! Sorry!" Alikuwa ameshakamatwa, Opio. Kazi yetu ilikuwa imekwisha.

Ukampiga. Pigo la kwanza lilimpata juu ya nyusi, na ile pete ikamchana mpaka nikaona weupe wa mfupa. Akapiga magoti. La pili lilimvunja taya, nililisikia likivunjika. Alipoanguka chali ukamkalia kifuani. Tochi ikawa inapanda na kushuka, ikipanda dari inawaka, ikishuka giza, na kila giza lilikuwa na sauti yake ya nyama. Hukupiga kelele. Ulikuwa ukimuuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Jino langu liko wapi? Jino langu liko wapi?" Baadaye tulikuja kujua kwamba siku ulipopigwa wewe, mtu yule alikuwa hata hajaingia Dubai.

"Khalas!" nilipiga yowe. "Khalas, kaka, utamuua!"

Nikakukaba shingo kwa nyuma. Ukanipiga kiwiko cha mdomo, nikameza damu, nikang'ang'ania. Tukabiringika kwenye zege. Tochi ikakuponyoka ikagonga nguzo, bomba likapinda, betri moja ikapiga mluzi, ikatema moshi, ikapasuka kwa moto mweupe. Ule moto ndio uliokurudisha. Ulitazama mikono yako, ukaanza kutapika.

Kabla polisi hawajafika, msimamizi aliniinamia sikioni. "Sema alikuja na nondo." Polisi walipokuja nikawaambia nilichokiona, kwamba mikono ya yule mtu ilikuwa juu. Wenzetu waliniita nyoka, wakaacha kula na mimi. Nililia siku nyingi kwa ajili yako, lakini neno sikulibadilisha, na nikiulizwa leo nitasema lile lile.

Nilikwenda kumtazama yule uliyempiga, hospitali. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, na taya limefungwa kwa waya. Alizungumza kwa shida.

"Rafiki yako ana watoto?"

"Wawili," nikamjibu.

Akageukia ukutani. Mpaka leo sijui alikuwa akimhurumia nani.

Ukafungwa, ukamaliza kifungo, ukapandishwa ndege ya kurudi Uganda. Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyopita mkeo akanipigia. Shemeji ni mtu wa kicheko. Zamani akikupigia tulikisikia chumba kizima. Safari hii alinong'ona. Nikamwomba awashe kamera. Akakataa, kisha akaiwasha. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umechanika pembeni. Nyuma yake mwanao mkubwa alikuwa amekaa chini ya meza, akaitwa na hakutoka.

"Opio anauliza maswali huku akinipiga," aliniambia. "Maswali mimi sina majibu yake."

Kaka, mimi ndiye niliyekuokota kwenye yale maji. Najua ulichofanyiwa, na kila anayenisikiliza namwambia kwamba Opio niliyemkuta alikuwa mtu mpole, na si uongo. Nakupenda. Nakuogopa pia, na ni wewe mwenyewe uliyenifunza kwamba mlinzi husimama upande wa anayepigwa. Waliokuvunja mbavu hawajulikani. Mkeo anajulikana, na hakukufanyia lolote.

Barua hii nimeichelewesha makusudi. Siku unayoisoma, nyumba yako ya Jinja haina mtu ila wewe. Shemeji na watoto wameondoka. Mimi ndiye niliyemwambia aondoke, na mimi ndiye niliyempangia safari. Usimtafute kwa mama yake, hayuko huko. Usiniulize aliko, sitasema.

Ukiwa na hasira, nielekezee mimi. Mkataba wangu unakwisha, na kabla sijafika kwetu nitapitia kwako. Nitakuja mchana, peke yangu, nitabisha hodi. Sitashika kitu mkononi. Ukinifungulia, nawe usishike kitu.

Mungu akutulize,

Mdogo wako wa Sonapur,
Hamisi